Ujuzi Hauzeeki, Lakini Hushika Kutu

Makala haya tumekaa nayo moyoni muda mrefu kabla ya kuyaweka kwenye karatasi, kwani yanahusu makosa yetu wenyewe mawili, moja la kazini na jingine la nyumbani. Si jambo rahisi kwa mtu mzima kueleza makosa yake mbele ya watu. Lakini tukifikiri ni akina mama wangapi wanasimama leo pale tuliposimama sisi jana, tunaona kwamba kunyamaza kutakuwa kosa la tatu.

Kazi yetu ni uuguzi. Stashahada yetu imetundikwa sebuleni ndani ya fremu ya mninga, na kwa miaka mingi tuliamini kwamba karatasi ile ndiyo ujuzi wenyewe. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, nasi tulilala juu ya methali hiyo kama juu ya godoro.

Usiku mmoja wa masika, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa zamu watu wawili tu, muuguzi na mhudumu. Akaletwa kwa baiskeli binti wa uzazi wa kwanza, uchungu ukiwa umeshapamba moto. Alijifungua karibu na alfajiri. Mtoto alitoka kimya.

Tulijua la kufanya. Tulilisoma chuoni, tukalijibu vizuri kwenye mtihani. Mfuko wa kumpumulisha ulikuwa kabatini, lakini barakoa tuliyoishika kwanza ilikuwa ya mtu mzima. Tulipoipata ndogo, hewa ilivuja pembeni, kwa sababu vidole havikujua pa kukaa. Dakika zikapita. Mtoto yule hakulia. Tulimfunga katika kitenge cha mama yake, tukamweka mikononi mwake, naye akatutazama akauliza, "Mama, amelala?"

Swali hilo hatujalisahau hadi leo. Hatuwezi kusema kwamba mtoto yule angepona. Hayo ni ya Mungu. Lakini tunajua kwamba hakupata mikono aliyostahili kuipata.

Baadaye tulipelekwa kwenye mafunzo. Tulidhani tutapewa daftari na kalamu. Kumbe tulikabidhiwa mdoli! Watu wazima, wengine na wajukuu, tumezunguka meza kila mmoja na mdoli wake wa mpira, tukimkausha, tukimsugua mgongo, tukimweka kichwa sawa, tukimbana barakoa na kumpa hewa mpaka kifua kiinuke. Mwanzoni tulicheka kwa aibu. Mkufunzi hakucheka. Alituambia kwamba mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupewa hewa ndani ya dakika moja tangu azaliwe, nao wakunga huiita dakika ya dhahabu. Kisha akabonyeza saa, na hapo kicheko kikatutoka. Mara ya kwanza tulitumia karibu dakika tatu.

Mafunzo hayo ya kumsaidia mtoto apumue yalianza kujaribiwa hapa nchini mwaka 2009 katika hospitali 8. Lakini jambo lililotufungua macho zaidi ni habari ya Hospitali ya Kilutheri Haydom, kule Mbulu. Mwaka 2010 watumishi wa pale walifundishwa siku moja. Wakapimwa kwa mdoli, wakafanya vizuri. Ila walipofuatiliwa chumba cha kuzalia, utendaji wao ulikuwa karibu ule ule wa zamani! Siku moja ya mafunzo ilikuwa imeishia ukumbini. Tangu mwaka 2011 wakabadili mtindo. Mdoli akawekwa kazini, na watu wakawa wanafanya mazoezi mafupi mara kwa mara, dakika chache tu kabla ya kazi. Hapo ndipo vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza viliposhuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mtindo huo haukuishia Haydom. Kuanzia mwaka 2021 ulipelekwa, pamoja na vifaa vingine, katika vituo 30 vya mikoa mitano, na Tabora yetu ikiwamo. Walifuatiliwa akina mama waliojifungua karibu 280,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo za maisha vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Nyuma ya namba hizo wamo watoto wanaotambaa leo. Hawakuokolewa na dawa mpya ya ng'ambo. Waliokolewa na mikono iliyokubali kurudia zoezi lile lile kila wiki bila kuona haya.

Basi tulijifunza kazini kwamba ujuzi hauzeeki, naam, lakini usipotumiwa hushika kutu kama jembe lililosahauliwa uani. Ungedhani tulipofika nyumbani tulikuwa na hekima hiyo mfukoni. La hasha.

Binti yetu alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri. Jioni moja baada ya chakula alituambia sisi na baba yake kwamba anataka kusomea umeme wa majumbani. Baba yake aliweka kikombe chini. Sisi ndio tuliojibu, na jibu letu hatujivunii: "Mwanangu, umeme ni kazi ya wanaume. Utapanda ngazi na sketi? Na kanisani watasemaje, mtoto wa nesi amekuwa fundi wa mtaani?"

Tukamrudisha mtihani, akafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Matokeo yakaja yale yale, na ada ikawa imekwenda. Kuanzia hapo akawa mkimya. Asubuhi alifanya kazi za nyumbani kwa bidii, alasiri hakuonekana. Tuliogopa mambo ambayo kila mama huyaogopa.

Kumbe mtoto alikuwa kwa fundi, kwenye kibanda cha jirani na stendi. Huko alishika bisibisi na koleo, alivuta waya, alifunga soketi. Fundi yule alikuwa mtu mwema na mwenye mikono mizuri, ila naye alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu. Hakuna aliyemwambia kwamba kabla ya kugusa waya huzimwi swichi ya taa peke yake, bali swichi kuu ya nyumba, kisha unapima kwa testa, ndipo mkono ufuate.

Siku moja mchana tukiwa kazini tukaletewa mgonjwa aliyeungua na umeme. Tulipofunua kitambaa tuliutambua mkono kabla ya kuinua macho kumtazama mwenye mkono. Ulikuwa umeungua kiganjani na vidole viwili. Tulimsafisha, tukampima mapigo ya moyo, tukamlaza chini ya uangalizi, kwa kuwa umeme huweza kuuvuruga moyo hata kama jeraha la nje ni dogo. Mikono yetu haikutetemeka, maana ilikuwa imeshazoea kazi. Kilichotetemeka ni midomo. Tukamgombeza kama mama yeyote.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nyie kazini mmepewa mdoli, ili mkikosea asife mtu. Mimi najifunzia kwenye umeme wenyewe."

Hatukuwa na la kujibu. Usiku ule tulikaa na baba watoto mpaka jogoo la kwanza. Yeye ndiye aliyesema kwamba mtoto huyu ameshachagua, kilichobaki ni sisi kuchagua kama atajifunza salama au atajifunza kwa kujificha.

Wenzetu, mahali tunapoishi palikuwa chuo kabla hapajawa na vyuo. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Hata leo ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaliona tembe alilokaa Dk. Livingstone mwaka 1872, na miembe mikubwa bado inawakumbusha watu njia ile. Biashara ile ilikuwa na uchungu mwingi, kwani pamoja na pembe za ndovu waliuzwa binadamu, na hatuwezi kuipamba. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi alisifika pwani na bara kwa ujuzi wake, na ujuzi ule haukumshukia kutoka mbinguni. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba watoto wadogo wa Unyamwezi walionekana wakibeba vipusa vidogo mabegani, wakijizoeza. Hali kadhalika wahunzi wa Usumbwa walifua majembe yaliyouzwa mbali, na mtoto wa mhunzi alianza kwa kuvukuta mifuo, si kwa kushika nyundo. Kila ujuzi ulikuwa na ngazi zake. Wazee wetu hawakumkabidhi mtoto pembe kubwa siku ya kwanza, wala hawakumwambia kwamba kazi ya mikono ni ya walioshindwa.

Dharau hiyo tumeiokota wapi? Tunafikiri tuliiokota katika zama ambazo cheti kilimaanisha meza, na meza ilimaanisha mshahara. Zama hizo zimepita. Reli ya kisasa inajengwa kupita Tabora. Kule Sojo, wilayani Nzega, mwaka 2024 kilizinduliwa kiwanda cha kuyapaka kinga ya joto mabomba ya mafuta ghafi yatokayo Uganda kwenda Tanga. Kazi za namna hiyo huuliza kwanza nani anajua kuchomelea, nani anajua umeme, nani anajua kutengeneza mitambo.

Tulimpeleka binti yetu kwenye ufundi stadi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mjini Tabora kuna chuo chake. Wiki za mwanzo hakugusa umeme wenye moto. Alifunga saketi kwenye ubao, akakosea, akafungua, akafunga tena. Tulipomtembelea tulimkuta mbele ya ubao wake, na kovu lake kiganjani, akihesabu kwa sauti, "Zima, pima, shika." Tukageuka pembeni kufuta machozi. Ule ubao ndio uliokuwa mdoli wake.

Na fundi wa kibandani? Baada ya ajali ile alikuja nyumbani kuomba radhi, amevua kofia. Hatukumfukuza. Tulimweleza kwamba VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, yaani fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa anachokijua, anajaziwa palipopungua, kisha anapewa cheti kinachotambulika. Alisita, akasema yeye ni mtu wa miaka hamsini, atakaaje darasani na vijana? Tukamsimulia habari ya mdoli. Alikwenda. Leo cheti chake kimebandikwa kibandani, na kando yake ameandika kwa mkono maneno yale yale matatu ya swichi kuu, ili kila kijana anayeingia ayasome kwanza.

Kuna na kosa dogo la tatu, ila hili ni la wengi. Umoja wetu wa wanawake kanisani uliwahi kupata cherehani saba. Tukafanya mafunzo ya miezi mitatu, tukagawa vyeti siku ya sherehe, tukapiga vigelegele na picha. Baada ya mwaka, cherehani tano zilikuwa stoo, mikanda imelegea, uzi unakatika, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuirudisha cherehani kwenye mkao wake. Tulikuwa tumefundisha kushona gauni moja, hatukufundisha kuitunza mashine. Tena tuliyamaliza mafunzo kana kwamba ujuzi una siku ya kufunga shule.

Sasa tumeanza upya. Kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu tunakutana saa mbili tu. Siku hiyo linafundishwa jambo moja: kukata kola, kutia zipu, kupaka mafuta na kubadili sindano. Anayejua anamshika mkono asiyejua. Fundi cherehani wa sokoni huja mara moja kwa miezi mitatu, tunamlipa nauli na chakula. Cherehani sita kati ya saba zinafanya kazi.

Kwa mama mwenye kijana nyumbani, au mama mwenyewe anayetamani kujifunza, tunaomba kushauri machache tuliyoyapata kwa gharama.

Kwanza, kabla ya kulipa ada, uliza kama chuo kimesajiliwa na cheti chake kinatambulika. Usiridhike na rangi ya jengo. Ingia karakana, hesabu vifaa, uliza ni wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja. Mwanafunzi anayeangalia mwenzake akifanya hatajua kufanya.

Pili, uliza habari za usalama: glavu, miwani, viatu, na nani husimamia. Kwa mtoto wa kike uliza pia anapolala, na nani anashika ufunguo wa bweni usiku.

Tatu, uliza kama kuna mafunzo kazini, ambapo kijana hupelekwa kwa mwajiri au kwa fundi aliyebobea. Akirudi, mwombe akuonyeshe alichokifanya, wala si daftari peke yake.

Nne, msimpe kijana cheti na baraka mkamwacha mikono mitupu. Akimaliza, ukoo unaoweza kuchanga sare za harusi unaweza pia kuchanga boksi la vifaa. Sisi tulisamehe kitenge kipya cha Krismasi, tukanunua koleo, testa na ngazi.

Tano, mafunzo hayaishi. Kozi fupi za jioni au za wiki chache zipo kwa watu walio kazini. Binti yetu amesharudi mara moja kusomea umeme wa jua, kwani vijijini Sikonge na Uyui ndio wanaouulizia.

Sita, binti aliyepata mtoto akiwa shule asifungiwe ndani kama chombo kilichovunjika. Tangu tarehe 24 Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Tena vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden. Katika mkoa wetu vipo Nzega, Sikonge na Urambo. Katika vyuo vya namna hiyo umekuwapo mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, unaowapokea akina mama vijana waliokatiza shule, nao watoto wao hulelewa chekechea ya chuo wakati mama yuko karakana. Mchungaji aulizwe, afisa maendeleo ya jamii aulizwe. Aibu haijawahi kumlea mtoto.

Tukirudi kwenye Neno la Mungu, tunakuta tulikuwa tumesoma bila kuona. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, mtu anayetajwa kujazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi si nabii wala mfalme, ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, mawe na mbao. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, Paulo anakaa nyumbani kwa Akila na Prisila, nao ni washona mahema. Prisila alikuwa mwanamke mwenye ujuzi wa mikono, na ni huyo huyo aliyeshirikiana na mumewe kumfundisha Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na Bwana wetu mwenyewe alikulia katika nyumba ya seremala. Tukimdharau fundi, tumemdharau nani?

Mwezi uliopita umeme ulikatika kituoni kwetu usiku, na betri za jua hazikuwaka. Tulimpigia simu binti yetu, akaja na baba yake akiwa nyuma ya pikipiki na ngazi. Alizima, akapima, ndipo akashika. Sisi tulimmulikia kwa tochi, hatukusema neno. Taa zilipowaka alitazama meza ya kona, akamwona mdoli amelala pale, akamtengeneza kofia yake.

"Leo mmeshafanya mazoezi?" akauliza.

Tulikuwa bado. Tukanawa mikono, tukaanza.

Mungu awabariki, akina mama wenzetu, na azibariki kazi za mikono yenu na za watoto wenu.